Mnazi wa Selvin

Basi lilituacha mtoni. Daraja lilikuwa limekatika kwa mvua za wiki ile, na dereva, ambaye tangu asubuhi alikuwa akituapia kwamba tutavuka, alizima injini, akawasha sigara, akasema wenye miguu watembee. Ng'ambo kulikuwa na njia ya mchanga iliyoingia vichakani kuelekea baharini. Nilikuwa nimeishi miaka mingi kwenye pwani hii ya Honduras, nikihama kutoka kijiji kimoja cha Wagarifuna, watu weusi wa pwani hiyo, hadi kingine, lakini kijiji hiki sikuwahi kukikanyaga. Nilichojua juu yake ni kwamba mkate wa nazi huko bado ulikuwa ukikandwa kwa tui la kukamua kwa mkono, wakati pwani nzima ilishahamia tui la kopo.

Tulivushwa kwa mtumbwi. Mwanamke mnene, beseni tupu mapajani, alikaa mbele yangu akanikagua kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe unakwenda kumzika nani?"

"Simziki mtu. Natafuta mkate."

"Mkate!" Alicheka hadi mtumbwi ukayumba na mpiga kasia akamkaripia. "Jamani, mtu kavuka maji ya mamba kwa ajili ya mkate. Basi umefika. Mimi ndiye ninayeuuza. Anayeuoka ni mwenzangu, na huyo mwenzangu ana mdomo. Ukimuudhi, utalala ufukweni na kaa."

Jina lake Crisanta Batiz. Njia nzima alinisimulia habari za watu nisiowajua, na tulipotoka vichakani akaziacha katikati, akahamishia beseni lake bega la pili. Mbele yetu ilikuwa imesimama minazi, au tuseme vigogo vya minazi: mirefu, ya kijivu, isiyo na vichwa. Ugonjwa wa manjano ulikuwa umepita zamani ukaifyeka pwani yote, na mandhari hayo nilishayazoea. Nisichokizoea ni kuona katikati ya vigogo vile mnazi mmoja mzima, umenyooka, makuti yake ya kijani kibichi yakicheza na upepo, na nazi zimesongamana shingoni.

"Ule wa nani?"

"Wa Selvin."

"Selvin ndiye nani?"

"Mwenye chumba utakacholala."

Ufemia Norales alikuwa amekaa kibarazani, ubao wa kukunia ameuegemeza tumboni. Huko hawakuni kwa mbuzi. Wana ubao uliopigiliwa bati lenye matundu, upande wenye makali ukiwa juu, na kipande cha nazi husuguliwa hapo mpaka vidole vikaribie kuliwa. Alikuwa mrefu, mkavu, kitambaa cheupe kichwani. Hakuinua macho.

"Nilikutuma sukari, Crisanta. Umeniletea nini hiki?"

"Sukari imepanda bei. Huyu ni wa bure."

"Vya bure ndivyo vinavyokula sana." Ndipo aliponitazama. "Unajua kukuna?"

Nilisema najua. Akanipa ubao, akanitazama kwa muda mfupi tu.

"Unakuna kama unamkwaruza mtu mgongo. Bonyeza! Hiyo nazi haisikii raha."

Basi nikabonyeza, na hivyo ndivyo nilivyopata kitanda. Chumba kilikuwa kidogo, kisafi, kina jozi ya viatu vya mpira chini ya dirisha na shati limetundikwa kwenye msumari. Ufemia alisimama mlangoni, mikono yake ikinuka nazi.

"Lala, lakini usihamishe kitu. Akirudi asije akaniambia nimempangishia hata viatu."

Nilikuwa nimekuja kwa siku chache. Nikakaa, kwa sababu ya ule mkate kwanza, halafu kwa sababu ya nyumba yenyewe. Kila alfajiri Toribio, mume wa Crisanta, alipanda mnazi akaangua nazi alizoambiwa, hata moja zaidi hakugusa. Ufemia alizifua mwenyewe, akakuna, akakamua. Kasimile, tui la kwanza zito, ilikuwa ya unga wa mkate. Tui la pili lilikwenda kwenye mchuzi wa samaki, ule unaoliwa na ndizi zilizotwangwa kwenye kinu. La tatu, jepesi kama maji ya mchele, lilipikia wali na maharage. Machicha waliachiwa kuku. Na siku alizobakiza kasimile aliibandika jikoni, akaichochea mpaka mafuta yajitenge, na harufu yake iliwaleta wanawake mlangoni wakiwa na vichupa, kwa ajili ya nywele zao, kwa ajili ya ngozi za watoto, kwa ajili ya viungo vya wazee.

Lakini waliokuja zaidi walikuja na vikombe. Mnazi ulikuwa mmoja na kijiji kilikuwa kizima. Binti aliyejifungua alitumiwa uji wa tui ili maziwa yatoke. Mzee mwenye vidonda vya tumbo alikunywa nusu kikombe cha kasimile vuguvugu kabla ya kula kitu. Mtoto aliyekonda alichanganyiwa na ndizi mbivu iliyopondwa. Ufemia alimpa kila mtu, na kila mtu alipewa pamoja na maneno yake.

"Jana ulikuja na kikombe. Leo hili ni jagi. Kikombe kimezaa?"

"Shangazi, tuko wengi nyumbani."

"Wengi mnakula, wangapi mnasema asante kwa Selvin?"

"Asante kwa Selvin, shangazi."

"Haya. Chukua."

Muuguzi wa zahanati, msichana wa mjini aliyependa kusema ukweli, alipita siku moja kumpima shinikizo la damu, akatikisa kichwa.

"Mama Ufemia, kasimile kila asubuhi ni mafuta mengi mno. Tui lina nguvu, sikatai, mtu aliyedhoofika linamnyanyua. Lakini wewe hukudhoofika. Tumia la pili."

"Bibi yangu alikunywa kasimile maisha yake yote, akafa amekaa kwenye kiti, anacheka."

"Alikuwa na umri gani?"

"Hakuwa na haja ya kujua."

"Basi mwenzetu punguza. Kunywa nusu."

Ufemia alinung'unika, lakini kuanzia siku ile alikunywa nusu, na muuguzi kila alipozalisha mtu alituma chupa ije ijazwe. Wakaelewana hivyo.

Habari za Selvin nilizipata vipande vipande, nyingi kutoka kwa Crisanta, tulipokuwa tukikanda. Kule mtoto akizaliwa kitovu chake huzikwa, na juu yake hupandwa nazi iliyokwisha kuchipua. Mti ule ni wake. Akiugua wanautazama, akisafiri wanautazama zaidi. Ugonjwa wa manjano ulipoingia, akina mama walitembea kutwa kati ya minazi wakishika vigogo kama wanavyoshika vipaji vya nyuso. Minazi ya watoto wote wanne wa Crisanta ilikauka mwezi mmoja.

"Nililia, we! Nililia mpaka Toribio akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema nimefiwa mara nne. Na wenyewe wako New York, wamenenepa kama mimi. Juzi mkubwa kanitumia picha, hata shingo hana."

"Minazi yako ilikufa kwa sababu wanao wamesahau njia ya nyumbani," Ufemia alisema akiwa tanurini.

"Wananipigia simu kila Jumapili!"

"Simu."

"Afadhali simu kuliko nazi inayokuangukia kichwani."

"Nazi ikianguka najua ananisalimu. Simu inakusalimu wewe, halafu inaomba umuite baba."

Walicheka wote wawili. Ulikuwa ugomvi wao wa kila siku, na waliupenda. Lakini niligundua kwamba Crisanta, kila alipokaribia kusema neno fulani, aliliacha na kuchukua donge jingine la unga.

Neno lenyewe lilikuwa hili. Selvin aliondoka kwenda kaskazini kwa nchi kavu, kama vijana wote wa pwani ile. Alipiga simu kutoka mji mmoja wa kusini mwa Meksiko, akasema jioni ile watapanda treni ya mizigo, juu ya mabehewa, na kwamba atapiga tena akishafika. Hakupiga tena. Mwaka mmoja ukapita, ukaja mwingine. Mama mwingine yeyote angekwishavaa nyeusi, angekwishawaita watu waje kwa siku tisa za maombolezo, wapige ngoma, wacheze karata, wale, wamwachilie mwanawe aende zake. Ufemia hakuvaa nyeusi. Mwaka ule Selvin alipotoweka mnazi wake ulizaa kuliko miaka yote. Minazi ya wenzake ilikuwa imekufa na wao wazima. Wa kwake ulikuwa mzima, basi yeye je? Hivyo ndivyo alivyoliona jambo, na hivyo ndivyo kijiji kilivyoliona pamoja naye, kwa sababu kilikuwa kinakunywa.

Niliwahi kumuuliza mara moja tu, tukiwa tunafagia makuti. Nilimwuliza kama hajawahi kutaka kwenda kumtafuta.

"Mtu unamtafuta akipotea," alisema. "Huyu yuko. Hajamaliza tu anachokifanya." Akaweka kiganja kwenye kigogo cha mnazi. "Gusa. Hiki ni cha mtu mgonjwa?"

Niligusa. Kilikuwa kimepata joto la jua. Nilisema si cha mtu mgonjwa.

Kulikuwa na mwanamke aitwaye Mirtala, wa kamati ya familia za waliopotea njiani. Mwenyewe alipotelewa na kaka. Alizunguka pwani nzima na picha: wanaume waliookotwa kandokando ya reli, waliolazwa wasiojulikana ni akina nani, wengine waliokufa. Miaka kadhaa kabla yangu aliwahi kufika kijijini, siku Crisanta alipokuwa mjini kuuza mkate. Ufemia alimzuia getini, panga la kufulia nazi mkononi.

"Alimwambia hapa hakuna aliyepotea," Crisanta alinisimulia. "Alimwambia, ukiwa na shaka nenda ufukweni ukaangalie mti, halafu upite njia hiyohiyo. Na akawaambia watu wasiangalie zile picha, kuziangalia ni kuita msiba. Nani angebisha? Siku ile nusu ya kijiji ilikuwa na tui lake tumboni."

"Na wewe ungekuwepo?"

Crisanta alipiga donge juu ya meza. "Mimi ni mbea. Ningeangalia."

Mirtala alirudi mvua zilipokwisha. Ilikuwa siku ya kuoka, meza imejaa madonge, tanuri limekolea makaa chini na juu. Alisimama getini, mwanamke mdogo mwenye mkoba mkubwa, akasubiri aitwe.

"Mama Ufemia, habari za siku nyingi."

"Nyingi kweli. Nilidhani umeolewa mbali."

"Nani anioe mimi na safari hizi? Nimekuja na picha, mama."

"Na mimi nina mkate. Ingia ule, ukimaliza uondoke na picha zako."

Safari hii hakushika panga. Labda umri, labda alimhurumia binti wa watu kwa vumbi la njiani. Mirtala aliingia, akapewa mkate wa moto, akala akiwa amekaa kwenye ukingo wa benchi. Ufemia alimgeuzia mgongo, akachukua kifumbu, akaanza kukamua.

"Lete huku nione wanaume," Crisanta alisema akijifuta unga. "Kwangu siku hizi haji hata paka."

"Crisanta," Ufemia alisema bila kugeuka.

"Naangalia tu! Macho hayali." Akazikunjua picha mapajani, moja baada ya nyingine. "Huyu ana masikio ya mjomba wangu. Huyu maskini, angalia, jino moja na bado anatabasamu. Huyu kafanana na padri wetu wa zamani, Mungu anisamehe, labda ni padri wetu. Huyu..."

Nilikuwa nimekaa ubavuni pake nikaiona ile picha. Kijana aliyenyolewa, amekaa kwenye kiti chini ya ukuta mweupe, blanketi mapajani. Kovu lilitoka juu ya jicho likapanda hadi utosini. Ndewe ya sikio la kushoto ilikuwa imechanika vipande viwili, kovu la zamani, na Crisanta alishanisimulia ndoana iliyomchana Selvin sikio utotoni.

"Mirtala," Crisanta alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo. "Huyu yuko wapi?"

"Mikate itaungua," Ufemia alisema.

"Ufemia."

"Nimesema mikate."

"Njoo, dada yangu."

Hakuwahi kumwita hivyo mbele yangu. Ufemia aliendelea kukamua. Tui lilishatoka lote, kifumbu kilikuwa kimekauka, lakini aliendelea kukisokota. Kisha akakiweka, akaosha mikono, akaifuta kidole kwa kidole, akaja. Hakuishika picha. Aliinama tu, mikono nyuma, kama mtu anayetazama kisima.

"Amenyolewa," alisema.

Crisanta akamsogezea picha karibu.

"Nani kamnyoa?"

"Masista, mama," Mirtala alisema. "Walimnyoa ili wamtibu kichwa. Alianguka kutoka juu ya treni. Aliokotwa hai, masista wakampokea kwenye nyumba yao ya wagonjwa huko huko Meksiko, mbali na bahari. Lakini kauli ilikuwa imemtoka. Hakuweza kutaja jina, wala kwao. Aliishi kwao hadi..."

"Hadi nini?"

"Hadi mwaka jana. Mapafu. Homa ilimchukua siku chache tu."

Ufemia aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayeelezwa njia.

"Alikuwa anatembea?"

"Kidogo. Alishikwa mkono."

"Anakula?"

Mirtala aliweka chini kipande cha mkate alichokuwa nacho. "Mwanzoni alikataa kila kitu. Masista walidhani atakufa kwa njaa. Siku moja mpishi wao, mtu wa pwani ya kule, akampikia wali wa nazi. Akala. Wanasema alikula huku analia, akamaliza, akaing'ang'ania sahani. Tangu siku ile wakawa wanampikia hivyo tu. Wakampa jina, wakamwita Nazi."

"Nazi walipata wapi? Kule juu hakuna minazi."

"Lilikuwa tui la kopo, mama."

"La kopo," Ufemia alisema.

Moshi ulianza kutoka tanurini. Hakuna aliyeinuka. Aliitazama picha tena, safari hii akamtazama na Mirtala, na nilijua anachotaka kuuliza, na nilitamani mtu amzuie.

"Ile mara ya kwanza ulipokuja. Nilipokusimamisha pale getini."

"Mama, yaliyopita..."

"Picha hii ulikuwa nayo?"

Mirtala alitazama mikono yake. Angeweza kudanganya, nadhani alifikiria. Lakini ilikuwa kazi yake kuwaambia watu, na labda alishadanganya mara moja mahali pengine akaona matokeo yake.

"Nilikuwa nayo."

"Na yeye alikuwa hai."

"Alikuwa hai, mama."

Ufemia alikwenda tanurini, akaitoa mikate. Ilikuwa myeusi chini. Alivuta kiti, akachukua kisu, akaanza kuikwangua mmoja mmoja, masizi yakimwangukia kwenye sketi, na alipoumaliza mmoja aliuweka ubavuni akachukua mwingine. Crisanta alimwomba aache. Alikwangua yote.

Kesho yake Toribio alikuja na shoka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na naamini alikuwa hajalala. Mimi na Ufemia tulimkuta ameshasimama ufukweni chini ya mnazi.

"Nimekuja kuuondoa," alisema.

"Umekukosea nini?"

"Umekudanganya, Ufemia. Umetudanganya wote."

"Haukudanganya. Ulisema yuko hai, na kweli alikuwa hai. Ulisema kila asubuhi. Mimi ndiye niliyesikia, nikakaa, nikakanda unga."

Toribio aliweka shoka chini. "Na alipokufa? Mbona haukusema?"

Ufemia aliinua uso kuelekea kwenye makuti. Nazi zilikuwa nyingi mno, hata za mwaka ule hazijaisha za mwaka mwingine zimeshatunga.

"Alipokufa uliendelea kuzaa," alisema. "Ni mti, Toribio. Rudi nyumbani."

Hakukuna tena. Ubao ulitundikwa ukutani, na kibaraza kikawa kikubwa ghafla. Watu waliacha kuja na vikombe. Si kwa amri ya mtu, bali kwa aibu. Waliokutana naye njiani waliinamisha vichwa. Nazi zilianguka zikabaki pale zilipoangukia, na kuku wakahamia kwa jirani. Muuguzi alikuja kumpima, akampima, akaondoka bila kumkatazia kitu.

Nilipika mimi, vibaya, kwa mafuta ya dukani, na alikula kwa adabu vijiko viwili vitatu. Alitaka kuzungumza juu ya vikombe. Alivikumbuka vyote. Nani alijifungua mwaka gani na akanywa uji siku ngapi. Mzee yupi alipona tumbo. Mtoto yupi alitembea baada ya kuonekana hatatembea. Mwanzoni nilidhani anajifariji, nikamwambia kwamba watu wengi wako wazima kwa sababu yake.

"Ndiyo," alisema. "Kijiji kizima kimekunywa. Wewe umekunywa, na wewe umetoka huko kusikojulikana ukaja kwa miguu yako. Wote isipokuwa yeye."

Niliondoa sahani, nikaenda kuziosha.

Watu wa kanisa walimjia kuhusu siku tisa. Walisema zifanyike sasa, mwili upo au haupo, Selvin amesubiri vya kutosha. Alikataa. Alisema hawezi kumuaga mtu ambaye hakumpokea. Atakwenda kwanza. Crisanta, aliyekuwa amepoteza hata hamu ya kutania, alimweleza alichoambiwa na Mirtala: kwamba makaburi ya masista yamepangwa kwa safu, wengine hawana majina, na kwamba kumfukua mtu na kumvusha mipaka kunahitaji ruhusa ambazo kina mama wengine wamezisubiri hadi wakafa wao wenyewe.

"Hawatakupa, Ufemia. Utaona mchanga tu."

"Basi nitauona."

"Moyo wako, shinikizo lako. Njia ile vijana wenyewe hawaimalizi."

"Mimi sipandi treni."

"Ungojee hata wanangu watume kitu, usafiri vizuri..."

"Crisanta. Nimengojea."

Daraja lilikuwa limeshajengwa upya, na gari la kamati lilikuja asubuhi, pikapu yenye viti vya mbao nyuma, na ndani yake wanawake wengine watatu kutoka vijiji vya jirani, kila mmoja na picha ya mtu wake imening'inia kifuani kwa uzi. Mirtala alikuwa mbele kwa dereva. Ufemia alitoka amevaa nyeusi. Nguo ilikuwa mpya, mikunjo ya duka ikiwa bado mbichi. Labda aliinunua siku nyingi zilizopita akaificha, sikuuliza. Alinipa ufunguo, akanionyesha paa linapovuja, akaniambia kuku wakirudi niwapokee na wasiporudi niwaache. Juu ya chumba hakusema neno. Viatu vilikuwa palepale chini ya dirisha.

Crisanta alifika anakimbia, amebeba furushi la kitambaa linalotoa mvuke.

"Nimeoka. Nimeoka mwenyewe, usicheke. Nimeokota nazi zake, zile zilizoanguka."

Ufemia alilifungua furushi pale barabarani. Alitoa mkate mmoja, akaunusa kwa muda mrefu, akaurudisha.

"Umebonyeza vizuri," alisema. "Kasimile imeingia."

"Ni wa masista. Uwape. Uwaambie asante."

"Watu walimlisha miaka yote hiyo, nami nikawapelekee mkate?" Alilifunga tena, fundo juu ya fundo, akalirudisha mikononi mwa Crisanta. "Wagawie hapa. Waambie waje, wasione haya. Mimi sina ugomvi na mtu."

"Chukua hata mmoja wa njiani."

"Sina njaa, mdogo wangu."

Walishikana. Crisanta alikuwa mnene na mwenzake mwembamba, na kwa muda sikuweza kumuona Ufemia hata kidogo, kitambaa chake tu. Kisha alipanda, akakataa mkono wa dereva, akakaa kwenye ncha ya benchi. Mwanamke wa pembeni alimsogelea akamwonyesha picha yake, naye akaitazama sawasawa, akauliza jina.

Nilisogea kwenye bodi la gari. Nilimuuliza tumtarajie lini.

Alifikiria. Si kwamba alificha; alikuwa anapiga hesabu kweli, na hesabu haikumpa jibu.

"Sijui," alisema. "Nikimpata, nitalala hapo naye kidogo kwanza."

Dereva alitia gia. Crisanta alitembea ubavuni mwa gari hadi njia ilipoingia vichakani, furushi amelibana kifuani, akisema maneno ambayo injini iliyameza. Mimi nilibaki getini na ufunguo.